Kuzindua au Kuendesha? Istilahi ya Programu Zitokazo Wavutini

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazoenea bila kuhojiwa, twaliona neno "kuzindua" kuwa na kasoro kubwa. Baadhi ya watafsiri hulitumia kwa tendo la kuianzisha programu kwa kubofya kiungo kilichomo katika ukurasa wa wavuti. Kwa asili, kuzindua ni kumtoa mtu usingizini au katika kuzimia. Baadaye neno likachukuliwa kwa sherehe za kitabu, mradi au jengo. Kizinduliwacho huzinduliwa mara moja, tena mbele ya mgeni rasmi. Programu huanzishwa mara kumi kwa siku, wala hapana apigaye makofi.

Tuutazame utaratibu wenyewe. Java Web Start ilitolewa mwaka 2001 na kampuni ya Sun Microsystems, ikaondolewa katika toleo la 11 la Java mwaka 2018. Mtumiaji alibofya kiungo. Mafaili ya programu yakaletwa na kuhifadhiwa katika kompyuta yake. Kisha programu ikafanya kazi humo humo, nje ya kivinjari. Kabla ya hapo aliulizwa kama aliridhia. Swali hilo ndilo lenye uzito. Aulizwaye kama yuko tayari "kuzindua" hajaambiwa kwamba kitu kigeni chaingia nyumbani mwake, nacho kikiruhusiwa huweza kuyasoma mafaili yake. "Kufungua", walisemalo wengi, nalo halitoshi hapa, kwani hata ukurasa wa kusomwa tu hufunguliwa.

Msamiati wa bandarini, kama pale Wesha, magharibi ya Chake Chake, wafaa kuzingatiwa. "Kupakia" na "kupakua" ni maneno ya shehena, na kompyuta imeyaazima bila kuyapotosha: kilichopakuliwa kimekwisha kumfikia mwenyewe. Huenda wakatokea watakaopendekeza pia "kushua", kwa kuwa neno la Kiingereza linalotafsiriwa ni lile lile la kuteremshia chombo majini. Ni neno zuri, na twasikitika kulikataa; lakini jahazi likishuliwa huiacha pwani, ilhali programu hii ndiyo kwanza yawasili.

Twapendekeza, basi, maneno mawili kwa matendo mawili: "pakua na uendeshe". Kwa kitufe ni refu kidogo, lakini halimfichi mtu kitu. Ama viungo vya mikutano ya Zoom, ambavyo huiita programu iliyokwisha kuwekwa katika kompyuta, hivyo havipakui programu. Hapo "endesha" pekee latosha.