Kisanamu cha Wicket na Kipimo cha Ukumbusho: Tathmini Inayoanzia Fungurume

Uhakiki wa Kiswahili umekwisha kuzizoea riwaya, tamthilia na diwani, na baadaye ukafungua mlango kwa nyimbo za taarabu, misemo ya kanga na michoro ya vibonzo. Vitu vya kuchezea vimebaki nje ya mlango huo. Sababu haiko wazi sana, kwani mwanasesere naye ana fani na maudhui: ameundwa na mtu, ameundwa kwa nyenzo fulani, na anabeba mtazamo fulani juu ya watu na viumbe. Makala haya yanakitathmini kitu kimoja cha aina hiyo, yaani kisanamu cha plastiki cha Wicket, kiumbe mdogo mwenye manyoya kutoka katika filamu ya bunilizi za kisayansi. Yanakitathmini kwa kipimo kilichozaliwa katika Kiswahili cha Katanga, na yanaisimamisha tathmini hiyo Fungurume, mji wa migodi ulioko kati ya Likasi na Kolwezi. Uteuzi wa mahali si wa kubahatisha, kama itakavyoonekana.

Wicket ni mmojawapo wa Waewok, jamii ya viumbe wafupi wenye sura ya dubu wanaoishi juu ya miti katika msitu wa Endor. Walionekana kwa mara ya kwanza katika filamu ya Return of the Jedi, mwezi Mei mwaka 1983. Aliyeingia ndani ya vazi la Wicket alikuwa mtoto wa Kiingereza, Warwick Davis, aliyekuwa na umri wa miaka 11 wakati wa kupiga picha hizo. Kampuni ya Kenner ya Cincinnati, Marekani, ndiyo iliyokuwa na idhini ya kutengeneza visanamu vya filamu hizo, na kisanamu cha Wicket kilifika madukani mwaka 1984. Visanamu vya watu wazima katika mfululizo huo vina kimo cha takriban sentimita 9.5, Wicket ni mfupi zaidi, jinsi anavyostahili kuwa.

Kwa upande wa fani, kazi hii ina ustadi usiopaswa kubezwa. Mchongaji wa umbo la asili alielewa kwamba kiumbe huyu hawezi kusimama wima kama askari. Amempa mabega yaliyoinama kidogo, tumbo lililojitokeza na miguu mifupi minene, hata mtazamaji akaamini kwamba mwili huo una uzito. Manyoya, ambayo kwa kweli ni mifuo tu katika plastiki, yamefuata mwelekeo wa misuli, nayo yanaukamata mwanga vizuri. Mikono huzunguka mabegani na miguu nyongani. Viwiko na magoti hayapo. Kofia yake huvulika, na mkuki wake hushikwa mkononi. Udhaifu uko usoni. Katika filamu uso ule ulihitaji macho yenye unyevu na kinywa kinachotikisika. Katika plastiki umeganda, na mtu akimtazama kwa muda mrefu humwona zaidi kama mtoto aliyenuna kuliko kama mpiganaji. Kenner walikuwa pia na Waewok wakubwa wa manyoya ya bandia, wa kukumbatiwa na watoto wadogo. Hao ni laini, lakini umbo lao ni la dubu yeyote wa dukani. Kwa sanaa ya uchongaji, kile kidogo kinawashinda.

Wakusanyaji hawaangalii sana mambo hayo. Kipimo chao ni hali ya kitu: kama kisanamu kimo bado ndani ya pakiti yake, kama kadi haijakunjika pembe, kama rangi haijageuka njano. Zipo kampuni Marekani ambazo hukiweka kisanamu ndani ya sanduku angavu na kukipa alama chini ya mia, mithili ya mtihani. Kilele cha thamani ni kisanamu ambacho mtoto hajakigusa hata mara moja. Toleo la mwaka 1985, lililouzwa pamoja na sarafu ya alumini, hutafutwa zaidi kwa sababu lilitoka wakati watoto walikuwa wameanza kuichoka filamu hiyo, na kwa hiyo liliuzwa kidogo. Hapa pana kinaya ambacho historia ya biashara yenyewe ilikwisha kukidokeza. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1977 Kenner hawakuwahi kuvitengeneza visanamu vyao vya kwanza, wakawauzia wazazi bahasha yenye cheti cha ahadi tu. Kitu kilianza maisha yake kama pakiti isiyo na kitu, nacho leo husifiwa kwa kuwa pakiti isiyofunguliwa.

Katanga ina kipimo kingine. Katika miaka ya 1970, jimbo lilipokuwa likiitwa Shaba, wachoraji wa mitaani waliuza picha zao katika miji ya migodi, na wenye nyumba wakazitundika sebuleni. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walizichunguza picha hizo na wakaonyesha kwamba neno ambalo wenyeji walilitumia kuzipima lilikuwa ukumbusho. Picha nzuri ni ile inayomfanya mtazamaji akumbuke na kufikiri. Ukumbusho huo uligawanyika katika mambo ya bankoko, mambo ya zamani na mambo ya sasa, na ndani yake mliingia kijiji cha kale, bwana wa Kibelgiji akisimamia viboko katika gereza, na mamba-muntu, yule mwanamke nusu samaki. Tshibumba Kanda Matulu alikipeleka kipimo hicho mbali zaidi alipochora, mwaka 1973 na 1974, historia nzima ya nchi yake katika picha zaidi ya mia moja, akizieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Mamba-muntu anahusika sana na mjadala huu, maana naye ni kiumbe wa kubuni aliyewekwa sebuleni. Hakuna aliyemthamini kwa sababu hakuguswa. Alithaminiwa kwa mazungumzo aliyoyazua: fedha hutoka wapi, nani hutajirika, kwa gharama gani.

Je, Wicket akiwekwa ukutani au mezani Fungurume, angekumbusha nini?

Fungurume ni nchi ya Wasanga, watu ambao tangu kale waliyeyusha shaba na kuisubu katika umbo la misalaba iliyotumika kama fedha. Misalaba hiyohiyo ndiyo iliyowekwa baadaye katika bendera na sarafu za Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Vilima vyake vina mimea isiyoota penginepo, iliyozoea udongo wenye shaba na kobalti ambao ungeua mimea ya kawaida. Mradi mkubwa wa uchimbaji uliotayarishwa hapo miaka ya 1970 ulisimamishwa mwaka 1976. Shaba ya mgodi wa Tenke Fungurume ilianza kutoka mwaka 2009, chini ya kampuni ya Kimarekani, na mwaka 2016 mgodi ukauzwa kwa kampuni ya Kichina. Mtu aliyekaa mahali kama hapo hataitazama sehemu ya mwisho ya Return of the Jedi kama anavyoitazama mtoto wa Ohio. Wageni wamekuja na mitambo ya chuma yenye miguu mirefu, wamekata miti, wamejenga kituo chao bila kumwuliza mtu, na wenye msitu wanawapiga kwa mawe, kamba na magogo. George Lucas mwenyewe ameeleza kwamba mfano aliokuwa nao ulikuwa vita vya Vietnam. Tafsiri ya Fungurume haihitaji hata kufika Vietnam. Itakumbukwa pia kwamba mwaka 1978, Kenner walipoanza kuuza visanamu vyao vya kwanza, askari wa miavuli wa Kifaransa walitua Kolwezi, safari isiyo ndefu kutoka Fungurume, katika vita ambavyo havikuwa vya plastiki.

Kwa kipimo hiki Wicket hupata alama za juu kuliko alizopewa na wahakiki wengi wa filamu, waliomwona kuwa kipambo cha kuuzia vitu vya watoto. Hata hivyo tathmini haiwezi kuishia hapo, kwa sababu filamu ileile ina tukio la pili, na kisanamu kimebeba matukio yote mawili. Waewok wanapomwona roboti wa rangi ya dhahabu, C-3PO, humwangukia na kumwabudu. Msomaji wa Kongo ameshaliona tukio hili. Katika Tintin au Congo, kazi ya Hergé iliyoanza kutolewa Ubelgiji mwaka 1930, hadithi hukoma kwa wanakijiji kuzisujudia sanamu za Tintin na mbwa wake. Mkuki, ngozi, kofia ya ajabu na ibada kwa mgeni anayeng'aa: huo ni mkoba wa zamani, na Lucas aliuchukua bila kuufungua. Neno lenyewe sanamu lina historia ya kuchekesha katika jambo hili, kwani katika Kiarabu asili yake ni mungu wa kuchongwa. Wachongaji wa Kinshasa wamekwisha kumjibu Hergé kwa namna yao. Humchonga Tintin kwa mti na kumuuza kwa wageni, hata yule aliyekuja kuabudiwa akawa bidhaa ya soko lao. Wicket hajapata jibu la namna hiyo, naye anastahili kulipata.

Lakini hoja iliyo kubwa zaidi kwa wanafunzi wa lugha ni ukimya. Kisanamu hiki hakisemi, na katika filamu Wicket alisema. Mtengeneza sauti Ben Burtt aliiunda lugha ya Waewok kwa kuegemea hasa Kikalmyk, lugha ya watu wenye asili ya Kimongolia, baada ya kuisikia na kuipenda kwa mlio wake. Kanuni ya kazi yake ilikuwa kwamba hadhira isielewe. Lugha ya watu hai ilichukuliwa kama sauti tu, kama mtu anavyochukua ngoma asijue inapigiwa nini. Katika filamu hiyohiyo yumo Nien Nunb, rubani msaidizi mwenye mashavu makubwa, ambaye sauti yake ilitolewa na Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, Kipsang Rotich. Rotich aliitwa tena kwa kazi hiyo katika filamu ya mwaka 2015. Mwaka 1983 alizungumza Kikuyu. Kwa watazamaji wa Marekani ule ulikuwa mlio wa sayari nyingine. Kwa watazamaji wa Kenya yalikuwa maneno yenye maana, yanayosikika wazi kinywani mwa kiumbe wa angani. Lugha iliyokusudiwa isieleweke ikaeleweka, na anga yote ya mbali ikawa imesogea hadi Nyeri na Murang'a.

Hapa ndipo bunilizi hizi zinapofichua tabia yao. Zinahitaji ugeni, na hukopa ugeni huo kwa watu ambao hazitarajii kuwa watakuwa wamekaa ndani ya ukumbi. Ni haki kusema kwamba filamu ina pia tukio linalokwenda kinyume na tabia hiyo, nalo ni tukio zuri kuliko yote ya Waewok: usiku, mbele ya moto, C-3PO anawasimulia wanakijiji habari za vita vyote vilivyotangulia, kwa lugha yao, akiigiza milio ya vyombo kwa kinywa na mikono. Watoto wanajificha nyuma ya wazazi. Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi ataitambua hali hiyo ya fanani na hadhira yake, na atatambua kwamba ni baada ya ngano, wala si baada ya ibada, ndipo Waewok wanapoamua kuingia vitani. Hakuna kitu chochote cha usiku huo kilichobaki katika kisanamu. Kenner walitengeneza kijiji cha plastiki cha kuwekea Waewok. Usimulizi haukuweza kutiwa pakitini. Hata wimbo wao wa ushindi uliondolewa katika filamu mwaka 1997, toleo jipya lilipotoka. Kiumbe aliyekuwa na lugha, ngano na wimbo amebakiwa na kofia na mkuki.

Kwa hiyo kama kazi ya uchongaji, kisanamu cha Wicket ni chema. Kama ukumbusho ni nusu ya kazi, na nusu iliyokosekana ndiyo yenye thamani zaidi. Humtaka mwenye nyumba aimalizie kwa maneno yake mwenyewe, kama alivyofanya aliyetundika mamba-muntu. Pakiti isiyofunguliwa humzuia asifanye hivyo, kwa maana kitu kilichofungwa humfanya mtu azungumze juu ya bei.

Kifaa kinachopotea upesi ni mkuki. Visanamu vingi vilivyochezewa vimebaki mikono mitupu, na soko limejaa mikuki ya kughushi, hata wakusanyaji wakabuni jaribio la kuitumbukiza majini ili kutazama kama itaelea au itazama. Watoto wa ukanda wa shaba, upande wa Kongo na upande wa Zambia, hutengeneza magari kwa waya uliookotwa, yenye usukani na magurudumu yanayozunguka. Kumpa Wicket mkuki wa waya wa shaba ingekuwa kwao kazi ya dakika chache. Mkadiriaji wa Marekani angekipunguzia alama kisanamu hicho papo hapo, kwa kuwa mkuki wake si wa asili.