Kichezeo Kipi Kimfaacho Mtoto Mdogo?

Ni desturi ya wazazi wengi, wakiisha kuuza mazao yao, kumnunulia mtoto mdogo kitu cha kuchezea dukani. Desturi hii ni njema, wala hatutaki kuilaumu. Lakini mtu achaguapo jembe hulipima uzito na kuujaribu mpini wake. Achaguapo kichezeo hutazama rangi tu na kusikiliza mlio, kisha akalipa. Twaona yafaa vichezeo navyo vipimwe.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia. Baba mmoja alimnunulia mwanawe wa miaka 4 motokaa ya betri, yenye kuwaka taa na kupiga honi. Siku ya kwanza mtoto alicheka sana, na watoto wa jirani wakaja kutazama. Siku ya pili aliiwasha mara chache. Siku ya tatu alichukua jiwe akaipasua tumbo, apate kumwona huyo apigaye honi mle ndani. Baba yake akamchapa, kisha akamleta kwetu tumwamue, nasi tukasema kwamba mtoto huyu ni mharibifu.

Juma lililofuata tulimkuta ameyatia magurudumu yale katika kijiti, amefunga kopo juu yake, achukua mchanga wa kujengea hospitali yake chini ya mwembe. Kazi ile aliishika hata zikaja mvua za masika. Ndipo tulipotambua ya kuwa tuliamua kwa haraka. Motokaa ile ilijua jambo moja tu, na siku ya kwanza ilikwisha kulitenda lote. Mtoto hakusaziwa neno la kufanya ila kutafuta siri yake. Tulimwita mharibifu, leo twalifuta neno lile mbele ya wasomaji.

Basi kipimo chetu ni swali moja: kitu hiki chamwachia mtoto kazi gani? Kichezeo kitendacho chenyewe humfanya mtoto kuwa mtazamaji, na mtazamaji huchoka upesi. Kipande cha mti hakitendi neno, kwa hiyo mtoto hana budi kutenda yeye: leo ni ng'ombe, kesho ni daraja, kesho kutwa ni mgonjwa wa kupelekwa kwa mganga. Debe tupu haliachi kuvuma, walakini mvumo si faida.

Walimu wakubwa wa watoto wamelifikiri jambo hili tangu zamani; na tuwapime kwa swali lilo hilo. Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua nyumba ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaiita bustani ya watoto. Aliwapa mipira ya sufu, kisha vipande vya mti vya umbo la mpira, la pipa na la dadu, kisha dadu moja iliyokatwa vipande 8 vilivyo sawasawa. Vipande hivyo 8 ni kazi njema sana, maana mtoto aweza kuvifanya kiti, ukuta au ngazi. Lakini Fröbel alitaka vipande vyote vitumike katika kila jengo, kisibaki hata kimoja. Hapo twamlaumu, kwa kuwa alitoa uhuru kwa mkono wa kuume akaupunguza kwa mkono wa kushoto.

Maria Montessori, mganga wa Italia, alifungua Nyumba ya Watoto huko Roma mwaka 1907. Katika vyombo vyake mna vigogo vidogo vya kutiwa matunduni. Kila kigogo kina tundu lake, na mtoto akikosea hujiona mwenyewe. Ni chombo bora cha kufunza jicho na mkono, na watoto hukirudia mara nyingi. Lakini ni chombo cha somo. Hakikukusudiwa kuwa ng'ombe wala mashua. Mzazi asidhani kwamba chatosha peke yake.

Tunayemsifu zaidi ni Caroline Pratt, mwalimu wa Marekani, aliyeanzisha shule ya michezo huko New York mwaka 1914. Vipande vyake vya mti havina rangi. Kile kilicho kipimo cha vyote, upana wake ni mara 2 ya unene, na urefu wake ni mara 2 ya upana. Vingine ni nusu yake au maradufu. Kwa hiyo vifupi viwili hulingana na kirefu kimoja, na mtoto ajengaye hujifunza hesabu kabla hajajua tarakimu. Nao watoto waliachwa waamue wenyewe la kujenga.

Labda msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu, nasi hatuna fedha." Twajibu kwamba mabaki ya mbao ya seremala, magunzi, vifuu, makopo na udongo wa mfinyanzi vyote vyashinda kipimo hiki. Huko Rochester, Marekani, mna jumba la makumbusho liviheshimulo vichezeo bora. Mwaka 2005 lilipokea boksi la karatasi ngumu, na mwaka 2008 lilipokea kijiti.

Hata hivyo uangalifu wahitajiwa. Mbao zipigwe msasa, makopo yasiwe na kingo kali. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hutia kila kitu kinywani, basi kokoto na maharagwe viwekwe mbali naye. Na betri ndogo za mviringo zaweza kumwunguza koo vibaya mtoto yeyote azimezaye.

Na mama afagiapo asubuhi, akikuta mji wa magunzi uani, twamsihi aupitishe ufagio kando. Mwenye mji angali amelala, na kazi yake haijaisha.