Shavu la Mguu la McGregor

Ndondi si msingi wa MMA. Nimeliandika hili mpaka wahariri wamenichoka, na Januari 24, 2021, kule Abu Dhabi, McGregor, kwenye pambano lake la pili na Poirier, akanipa sababu ya kuliandika tena.

Mliangalia, kwa hiyo sisimulii pambano zima. Poirier alimwangusha mapema, akavumilia mikono ya kushoto, akaijenga kazi yake kuanzia chini. Safi, hana deni. Mimi nataka lile teke la kwanza kwenye shavu la mguu, na alichoamua McGregor baada yake: kukaa palepale.

Tazameni nyayo. Wote wawili ni mashoto, mguu wa kulia mbele. Teke la Poirier linatoka kushoto kwake na kutua upande wa nje wa mguu wa mbele wa McGregor, chini ya goti, pale mshipa wa fahamu unapopita juu juu. Ukila manne matano hapo, maumivu ndiyo shida ndogo. Unyayo unakufa ganzi, unakanyaga bila kujua umekanyaga wapi. Dawa yake hufundishwa mapema kabisa kwenye Muay Thai: nyanyua mguu kidogo, geuza goti nje, mwachie ugoko aupige. Au uvute mguu nyuma, teke lipite. Ila huwezi kunyanyua mguu ulioulalia, na McGregor alikuwa ameulalia wa mbele kama bondia anayewinda nafasi ya ngumi moja nzito. Wakati ule habari yake kubwa ilikuwa mpango wa kucheza ndondi na Pacquiao. Mwili ulikuja na msimamo wa ulingo mwingine.

Teke likaingia, akakaa. Lingine, akakaa. Mapumziko yakampa dakika nzima pamoja na kona yake, naye akarudi vilevile! Raundi ya pili alidaka teke moja akajibu kwa ngumi, watu wakashangilia. Mimi nilicheka. Kudaka teke lililokwisha kukuingia ni kupewa risiti ya deni ulilolipa. Dakika 2 na sekunde 32 za raundi hiyo, alikuwa sakafuni.

Watangazaji wakasema kutu, mwaka mzima hajapigana. Kutu gani inayochagua mguu mmoja?

Kinachoniudhi ni kwamba McGregor wa Septemba 2014, aliyemmaliza Poirier huyuhuyu kwa dakika 1 na sekunde 46, hakusimama hivi. Mguu wa mbele ulikuwa mwepesi, unaingia na kutoka kama wa mtu wa karate, na mateke ya kuzunguka yalimfanya mpinzani asijue alinde wapi. Kisha zikaja pesa za pambano la ndondi na Mayweather 2017, na mikono ikaila miguu.

Wazee wangu wasingekubali upuuzi huu. Marco Ruas, UFC 7, mwaka 1995: mbele yake Paul Varelans, jitu la kilo zaidi ya 130, naye akalikata miguu kwa mateke kwa dakika 13 na ushee mpaka likaanguka kama mbuyu. José Aldo mwaka 2010 alimfanyia Urijah Faber hivyohivyo raundi tano, paja likavimba likabadilika rangi. Baada ya hapo, nani wa kusema hakuonywa?

Najua mtaniletea Ngannou kunipinga, mpiga ngumi wa MMA aliyefika Paris akitaka kuwa bondia. Mkono ule haufundishwi, amezaliwa nao. Nami nitawaletea James Toney, bingwa wa kweli wa ndondi, aliyeingia MMA kumvaa Randy Couture mwaka huohuo wa 2010. Couture aliinama, akamshika mguu, na raundi ya kwanza haikuisha.

Julai 2021, Las Vegas, McGregor alirudi kwa Poirier na safari hii akaanza yeye kupiga mateke. Raundi ya kwanza ikaisha akiwa ameketi, mguu wa kushoto umevunjika juu ya kifundo. Poirier alisema ufa ulianzia kwenye teke mojawapo la mwanzo, alilolipokea kwa kuzuia.