Kitabu cha Tom Brown na Vijana Wetu wa Bweni

Wazazi wengi wasomao gazeti hili wana watoto katika shule za sekondari za bweni, nao huuliza: Je, kijana aliyeondoka nyumbani na tabia njema atarudi nayo? Kwa ajili yao napenda kukipima kitabu cha kale cha Kiingereza, Tom Brown's School Days, alichokitunga Thomas Hughes mwaka 1857. Hughes mwenyewe alisoma shule ya Rugby tangu 1834 hata 1842, zamani za mwalimu mkuu Thomas Arnold, na shule hiyo ndiyo aisimuliayo. Desturi ya kuwapa wanafunzi wakubwa amri juu ya wadogo, kama viranja wetu walivyo leo, Waingereza waliileta kutoka shule za namna hiyo. Basi kitabu si kigeni kwetu kama jina lake lilivyo geni.

Sehemu ya kwanza ni ndefu kupita kiasi. Imejaa michezo na ngumi, na mtungaji apendezwa mno na ngumi. Hapo simfuati.

Sehemu ya pili ni mali. Tom na rafikiye East wamekuwa watundu: huvua samaki mahali palipokatazwa, hutoka nje ya mipaka, na Arnold amekwisha kuwaonya kwamba wakizidi hawatakaa shuleni. Baada ya likizo Tom arudi akitumaini kukaa chumba kimoja na East. Badala yake akabidhiwa mtoto dhaifu, George Arthur, aliyefiwa na baba yake. Usiku wa kwanza Arthur apiga magoti kusali mbele ya wavulana wote. Mmoja amtupia kiatu. Tom avua buti lake na kumvurumishia huyo kichwani.

Wavulana nisomeao kitabu hiki hushangilia hapo. Mimi nasema ushujaa haumo katika lile buti, umo katika saa zinazofuata. Tom alala macho, akikumbuka ahadi aliyompa mama yake kwamba hataacha kupiga magoti kando ya kitanda. Naye kwa muda mrefu amekuwa karibu kuacha kabisa kusali kwa moyo. Asubuhi apiga magoti mbele ya wote, na maneno yamtoroka. Hakuna mwalimu aliyemwamuru, wala hakuna fimbo. Mtoto mdogo aliye mikononi mwake ndiye aliyemwonyesha alivyokuwa.

Baadaye Arthur augua homa, na alipopata nafuu amsihi Tom aache kutumia tafsiri zilizofanywa na wengine katika masomo ya Kilatini na Kiyunani. Tom abisha: kila mtu hufanya hivyo, na kati ya walimu na wanafunzi ni vita, kila upande na hila zake. Kijana wa leo mwenye simu iliyojaa majibu ya mtihani husema neno lilo hilo. Mwishoni Tom aambiwa kwamba Arnold ndiye aliyempa Arthur, kwa kusudi.

Lakini kitabu kina ila moja kubwa. Desturi ile ile ya wakubwa kuwatawala wadogo ndiyo iliyomlea Flashman, yule aliyemshika Tom na kumbanika mbele ya moto kwa sababu amekataa kumwuzia tikiti yake ya bahati nasibu ya farasi. Flashman naye alikuwa na wadogo mikononi mwake! Tofauti ni nini? Arnold alimchagua Tom, akamchagulia mtoto, kisha akaendelea kumwangalia kwa mbali miaka kadhaa. Juu ya Flashman hatuonyeshwi jicho kama hilo, mpaka siku aliporudishwa amelewa, akafukuzwa. Hughes hasimami kuuliza kwa nini. Amfurahia Tom, ageuza ukurasa.

Mimi siwezi kuugeuza upesi hivyo. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nalimpa kijana mmoja mkubwa ufunguo wa bweni, nikausifu utulivu wake mbele ya walimu wenzangu. Nalikuwa sipiti usiku, maana nalimwamini, tena nalichoka. Siku moja mtoto wa kidato cha kwanza alikutwa barabarani alfajiri, akienda kwao kwa miguu. Baba yake alimrudisha, akanionyesha mikono ya mwanawe, iliyochubuka kwa sabuni ya nguo za wengine. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mwalimu, wewe hulala wapi?"

Yule mkubwa alifukuzwa, na bweni likapata kiranja mwingine. Tangu hapo mimi hupita.

Sasa nawasomea wavulana kitabu hiki jioni za Ijumaa, nikikigeuza kwa Kiswahili kadiri niwezavyo, na kurasa nyingi za ngumi naziruka, ingawa wao hugundua na kunung'unika. Juma lililopita tulifika mahali Flashman anapoondoka. Mmoja wao, mkimya sana, akanyosha mkono na kuuliza, "Huyu alikwenda wapi?" Nalitafuta mbele katika kurasa, nao wakingoja. Kitabu hakisemi.