Kitovu Kisichofikika: Jinsi Uzi Unavyoipima Kona ya Reli

Reli ya Katanga ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ikafika Kambove 1913 na Bukama 1918. Njia hiyo hupita Kamatanda, pembezoni mwa Likasi, na upana kati ya reli zake mbili ni milimita 1067. Penye vilima njia hujipinda. Kila kona ni kipande cha duara, na kila duara lina kitovu. Lakini kitovu cha kona yenye nusu kipenyo cha mita 500 kiko nusu kilomita porini, huenda ndani ya kichuguu au uani kwa mtu. Hakuna fundi anayekwenda huko kuchomeka kijiti. Anakijuaje basi?

Kwa uzi. Mafundi wawili huuvuta ukaze, urefu wa mita 20, ncha zote mbili zikigusa ubavu wa ndani wa reli ya nje. Reli inapinda, uzi haupindi, hivyo katikati yao hubaki mwanya. Waliosomea kazi hii kwa Kifaransa huuita flèche, yaani mshale: reli ndiyo upinde, uzi ndio kamba yake. Wa tatu huupima mwanya huo kwa rula. Tuseme amepata milimita 100. Urefu wa uzi ukizidishwa kwa wenyewe ni 400. Mshale mara nane ni mita 0.8; 400 kugawa kwa 0.8 ni mita 500. Kitovu kimepatikana, na hakuna aliyeacha mataruma.

Kazi yenyewe, hata hivyo, haiishii kwenye kipimo kimoja. Mafundi husogea mita 10 na kupima tena, mpaka kona iishe. Daftari likisoma 100, 100, 100, kona ni nzima. Likisoma 100, 85, 130, 85, 100, ipo kasoro, na tarakimu zenyewe zinaitaja. Palipo na 130 reli imetoka nje kwa milimita 30. Majirani zake wamepungua 15 kila mmoja, kwa kuwa ncha ya uzi wao iliangukia hapohapo palipohama, na ncha moja ikihama, katikati ya uzi huhama nusu yake. Dawa ni moja: sukuma reli ndani milimita 30 pale tu, na safu yote itarudi 100.

Milimita 30 si kitu kwa jicho. Igeuze kuwa nusu kipenyo uone: penye 85 kitovu kiko mita 588, penye 130 kimekuja hadi mita 385, kisha kinarudi 588. Ndani ya mita 20 kitovu kimeruka huku na huko kwa zaidi ya mita 200. Abiria hajui hesabu hiyo, ila bega lake linagonga dirisha. Ndiyo sababu njia iliyonyooka haiungwi na kona kwa ghafla. Kwenye mnyoofu kitovu hakipo popote karibu. Kipande cha kuunganishia hukileta polepole, mshale ukikua kidogo kidogo toka sifuri.

Hesabu hiyohiyo iko hewani pia. Njia ya Likasi hadi Tenke ilitiwa umeme mwaka 1952. Waya wa umeme haupindi; hunyooka kutoka nguzo hadi nguzo, ukawa ni uzi juu ya upinde. Kwenye kona yetu ya mita 500, nguzo zikiachana mita 60, mshale ni sentimita 90. Zikiachana mita 40, ni sentimita 40 tu. Kwa hiyo konani nguzo husogezwa karibu, waya usije ukaponyoka juu ya kichwa cha treni.

Ukitaka kukiona kitovu kwa macho, chukua kioo mbonyeo, kile cha kunyolea kinachokuza uso. Laza rula juu ya ukingo wake. Upana ukiwa milimita 160 na kina cha katikati 8, kanuni inatoa 400. Hapa kina si kidogo ukilinganisha na upana, basi ongeza nusu yake: 404. Simamisha penseli sentimita 40 mbele ya kioo, kisha rudi nyuma utazame. Utaona penseli ya pili, sawa kwa ukubwa, imening'inia kichwa chini, ncha kwa ncha na yako. Tikisa kichwa kushoto na kulia. Ncha zisipoachana, penseli yako iko kwenye kitovu. Mwanga unaotoka hapo huupiga uso wa kioo wima na kurudi ulikotoka. Fokasi iko nusu ya njia, kama sentimita 20. Uso wako ukiwa ndani ya hapo, unakuzwa.

Mwaka 1858 Mfaransa Léon Foucault alivikagua vioo vya darubini kwa kuweka makali ya kisu mahali hapo mwanga unaporudi kukutana. Sehemu ya kioo ambayo kitovu chake kimehama hujitokeza kama kivuli. Kivuli hicho na ile 130 ya daftarini vinasema jambo moja: ubaya wa mpindo hauko katika kuwa mkali au mpole, uko pale kitovu kinaporuka. Ndiyo maana fundi wa reli, akishapata 100 yake ya kwanza, hakunji uzi. Anasogea mita 10.