Keki ya Musi ya Embe: Namna ya Kuijua Iliyo Bora

Musi ni rojo la tunda lililochanganywa na krimu iliyopigwa, likashikizwa kwa jelatini juu ya keki nyembamba. Mapambo yasikuhadae, kwani hata musi mbovu hupendeza ikimwagiwa vipande vya embe. Iliyo bora husimama wima sahanini, kisha ikayeyuka mdomoni. Ikiweza moja tu kati ya hayo mawili, haijafuzu.

Kisu. Kichovye kwenye maji ya moto, kifute, kisha kata. Tazama ubavu wa kipande: vitundu viwe vidogo na vinavyolingana, na rangi iwe moja toka juu hadi chini. Michirizi myeupe ni krimu ambayo haikuchanganywa ikakolea. Tabaka zito la embe lililotuama chini maana yake rojo lilitiwa likiwa moto, krimu ikayeyuka na tunda likazama. Ukiona vidonge vinavyong’aa, ujue jelatini iligongana na rojo baridi ikaganda kabla ya kusambaa. Mpishi makini huiyeyusha kwanza ndani ya rojo kidogo la vuguvugu, ndipo aiunganishe na lililobaki.

Ulimi. Jelatini huyeyuka kwenye nyuzi 35 hivi za Selisiasi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana musi nzuri hutoweka bila kutafunwa. Ikikulazimu kutafuna, jelatini imezidi. Kwa nusu kilo ya rojo na nusu lita ya krimu, gramu 12 zinatosha. Agaaga, inayotokana na mwani na kutumiwa badala ya jelatini, haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85, kwa hiyo hubaki ngumu mdomoni. Wasiokula nguruwe huangalia kama jelatini ni ya ng’ombe na ina alama ya halali.

Chembechembe za mafuta zinazoganda kwenye kaakaa husema kwamba krimu ilipigwa kupita kiasi ikaanza kugeuka siagi. Ilipaswa kuachwa pale ncha yake ilipoinuka na kuinama kidogo.

Tunda. Ladha ya embe itangulie, sukari ifuate. Baridi hupunguza utamu, basi rojo lionjwe kabla ya kuingia friji na liwe limekolea kuliko unavyotaka lije kuwa. Ndimu kidogo huliamsha. Nyuzi za embe zisifike mezani: chujio ni la lazima. Musi ya nanasi au papai isiyoganda kabisa kwa kawaida imetengenezwa kwa tunda lisilopikwa, ambalo vimeng’enya vyake hukatakata jelatini. Tunda lichemshwe kwanza.

Keki ya chini. Unene wa kidole unatosha. Uma ukishuka, keki ikatike pamoja na musi. Ikiachana nayo ni kavu, ikitoa maji imelowekwa mno.

Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, musi iliyotoka friji hulegea baada ya muda, na hilo si kosa la mpishi. Ikibidi kukosea, kosea upande wa ulaini. Musi iliyolegea utaichota kwenye bilauri na wageni watalamba kijiko. Iliyokazwa mno kwa jelatini haina dawa.