Ua wa Tembe na Vioo vya Mtumba

Wanaoandika kuhusu Dodoma huanzia mwaka 1973, TANU ilipoamua kuhamisha makao makuu ya nchi kutoka Dar es Salaam. Kwa anayehakiki umbo la mji, mwaka huo umechelewa. Tuanze na tembe, nyumba ya Wagogo na ya majirani zao wengi wa uwanda wa kati, iliyokuwapo kabla reli haijafika.

Tembe ni jengo fupi la pembe nne. Miti husimikwa ardhini na kukandikwa udongo. Nguzo zenye panda hubeba boriti, juu yake hupangwa fito na nyasi, kisha udongo hushindiliwa mpaka paa liwe tambarare, mahali pa kuanikia nafaka. Mtu mzima huinama mlangoni. Ndani mna giza na ubaridi, hata jua la saa nane likiwa linachoma nje. Paa la namna hii lina akili yake katika nchi ambayo mvua yake kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, tena ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Bukoba, kwenye mvua nyingi, paa hilo lisingemaliza masika.

Lakini kiini cha tembe si vyumba, ni ua. Vyumba hupangwa pembezoni, upande mmoja, kisha wa pili na wa tatu kadiri kaya inavyokua, na ng'ombe hulala katikati. Anayepita nje haoni sura ya kujivunia, haoni nguzo za mapambo. Anaona mstari wa udongo wenye rangi ya ardhi ileile. Uzito wote wa jengo umeelekezwa ndani, kwa watu na mifugo yao. Jengo hili halimtishi mgeni. Humtaka aingie ndipo alielewe.

Sasa tazama mpango kabambe wa Dodoma wa 1976, kazi ya kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Brasília, mji mkuu wa Brazili uliozinduliwa 1960, ulijengwa kwa mhimili mrefu unaovuta macho hadi kwenye Bunge. Dodoma iliukataa mhimili huo. Ilichorwa kuwa mfuatano wa jumuiya, kila moja na huduma zake za kufikika kwa miguu, zikiunganishwa na njia za mabasi, barabara zikifuata maumbile ya vilima badala ya kuyakata. Sidai kwamba wachoraji walinakili tembe. Nasema tu kwamba mpango wao nao uliweka thamani yake mahali watu wanapoishi, si mahali serikali inapotazamwa, na kwa hilo nauona kuwa mpango bora kuliko ule wa Brasília.

Kinachoniuma ni kwamba miaka hiyohiyo tembe lenyewe lilikuwa linasukumwa kando. Operesheni Dodoma ya 1971 iliwakusanya Wagogo katika vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alifyatua matofali Chamwino pamoja na wanakijiji. Nia ilikuwa njema. Tembe lina moshi na papasi, na mama anayepika humo anastahili dirisha. Ila hukumu iliyotolewa kwa udongo ilibebeshwa umbo zima. Nyumba bora zikapangwa kwa mistari, moja moja, zikitazama barabara. Dirisha lilipatikana, ua ukapotea, na sijaona sababu yoyote ya kiufundi iliyozuia vyote viwili kukaa pamoja.

Mji wa Serikali wa Mtumba, kiasi cha kilomita 17 mashariki mwa katikati ya jiji, ulizinduliwa Aprili 2019. Ofisi za awamu ya kwanza zilijengwa kwa haraka, na zilikuwa za chini. Wengi waliziona duni, mimi nazitetea, kwa sababu hazikushindana na upeo wa macho wa uwanda ule. Maghorofa yaliyofuata yamegeuza mambo. Kila wizara imesimama kwenye kiwanja chake, vioo vipana vikielekea barabarani, na kioo katika jua la Dodoma hudai kiyoyozi mchana kutwa. Mwananchi mwenye shida inayogusa wizara mbili anakatiza jua kutoka lango hadi lango. Hayo ni majengo ya kutazamwa, na yangeweza kusimama Dar es Salaam au Nairobi bila kubadilishwa hata msumari.

Matembe yanapungua kila mwaka, bati likichukua nafasi ya udongo. Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dodoma viwapeleke wanafunzi wakayapime na kuyachora, chumba kwa chumba, wakiwasikiliza wazee walioyajenga kwa mikono yao. Na wizara itakayojenga tena Mtumba iwape wasanifu wake sharti moja: ofisi zizunguke ua wenye kivuli, na mwananchi apokewe humo.